Kuizunguka Tanzania Kutoka Mombasa: Ingia Horohoro, Tokea Holili

Watu wengi wa Mombasa wanaijua Tanzania kwa ncha mbili tu: Tanga, kwa sababu wana jamaa huko, na Dar es Salaam, kwa sababu wana biashara Kariakoo. Nyuma ya ncha hizo kuna nchi ya kilomita za mraba zipatazo 945,000 na makabila zaidi ya 120. Ukiitia Kenya nzima ndani yake, nafasi inabaki. Na sisi tunaokwenda kutoka pwani hii tuna neema ambayo mgeni wa Ulaya hanayo, kwani lugha tunayo mdomoni. Unaweza kumuuliza mama muuza ndizi wa Babati habari za mvua na shamba, ukalielewa jibu lake lote na ukaulizwa nawe ya kwenu.

Ndiyo maana naona uchungu nikisikia mtu amekwenda wiki mbili akarudi na uchovu mtupu. Karibu kila mara sababu ni ile ile: alitaka kuona kila kitu. Mwongozo huu ni wa msafiri wa basi na treni, mwenye mkoba mmoja na wiki mbili za likizo, anayetaka kupita pwani, milimani, katika mji mkuu, nyanda kavu za kati na chini ya Kilimanjaro, bila kuharakishwa.

Hatua ya 1: Chora duara, kisha futa majina

Fungua ramani uone umbali kabla ya kuahidi mtu yeyote kwamba utampitia. Kutoka Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Mwanza kutoka Dar ni zaidi ya 1,100, na Kigoma ni mbali zaidi. Anayeunganisha Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Serengeti katika siku 14 atayaona madirisha ya basi kuliko atakavyowaona watu.

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba usipite barabara moja mara mbili, na usikae garini zaidi ya mchana mmoja kwa kila hatua. Sisi wa Mombasa kanuni hiyo imeturahisikia, kwa sababu tuna milango miwili ya lami: Lunga Lunga hadi Horohoro upande wa kusini, na Taveta hadi Holili upande wa magharibi. Ukiingia kwa mmoja ukatokea kwa mwingine, duara limejichora lenyewe:

Mombasa – Tanga – Lushoto – Dar es Salaam – Dodoma – Kondoa – Babati – Arusha – Moshi – Taveta – Voi – Mombasa.

Yote ni karibu kilomita 2,000. Mbeya na treni ya TAZARA, Mwanza na Ziwa Victoria, Kigoma na Tanganyika, hayo yafute kwa roho safi. Kila moja ni safari yake. Zanzibar pia naiacha nje kwa makusudi, hata kama boti ya Dar inakuita. Wengi wetu tuna watu huko, na ukishuka kwa jamaa Unguja hutatoka kesho yake.

Kama una wiki moja tu, duara dogo lipo na ni zuri sana: Tanga, Lushoto, kisha kutoka Mombo, chini ya mlima wa Lushoto, ushike barabara ya Same hadi Moshi, na urudi kwa Taveta. Utakuwa umeizunguka milima ya Usambara na Upare.

Hatua ya 2: Msimu

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Masika ya Machi hadi Mei yanaijua njia ya Lushoto kwa maporomoko na ukungu. Dodoma na Kondoa, tofauti na pwani, zina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na nje ya hapo ni kavu kabisa. Ukienda Julai, beba sweta ya kweli. Lushoto na Arusha ziko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mtu aliyezoea jasho la Majengo hupigwa na baridi ya alfajiri kule hadi meno yagongane. Epuka pia wiki ya Idi na mwisho wa Desemba, wakati kiti cha basi kinauzwa kabla hujakiulizia.

Hatua ya 3: Karatasi, mwezi mmoja kabla

Mkenya haombi viza ya Tanzania, lakini chukua paspoti, na hata mtoto awe na yake. Maombi hufanywa kwa eCitizen, nayo yana foleni zake, kwa hiyo usingoje hadi likizo ifike. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenziwe abebe barua ya ridhaa ya yule anayebaki na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ni karatasi mbili tu, na zinaokoa maswali marefu dirishani.

Kinachowakwamisha wengi ni kadi ya homa ya manjano. Chanjo idungwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, maana cheti huanza kuhesabiwa hapo. Tangu 2016 cheti hicho hutambulika kwa maisha yote ya mwenyewe, kwa hiyo kama uliwahi kwenda Hija au Umra, tafuta kabatini kwanza, huenda unayo.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, kama sisi tulivyofanya 2017, na haipendezi kuanza safari kwa kumwaga vitu vyako mbele ya afisa.

Mpakani, kabla ya kuondoka dirishani, fungua paspoti usome muhuri: tarehe na siku ulizopewa. Kosa likiwepo hurekebishwa hapo hapo kwa dakika mbili. Ukiligundua siku ya kutoka Holili, si jambo dogo tena.

Hatua ya 4: Pesa na simu

Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania, ikipanda na kushuka kidogo. Hesabu ya haraka ni kuondoa sifuri moja kisha kugawa kwa mbili: 30,000 za huko ni kama 1,500 zetu. Ifanye kichwani kila unapolipa, hasa siku mbili za mwanzo, kwa sababu noti ya 10,000 humfanya mtu ajione tajiri.

Badilisha kiasi cha kukufikisha Tanga katika duka la fedha mjini Mombasa. Mpakani watakuja vijana wenye mafungu ya noti mkononi. Usibadilishe nao huku basi linapiga honi. Na usitegemee kubadilisha shilingi za Kenya ukiwa Kondoa, kwani kadiri unavyoenda mbali na mpaka ndivyo zinavyokataliwa. Kadi ya benki inafanya kazi katika mashine za miji mikubwa, kwa hiyo toa fedha Dar na Dodoma za kukufikisha Moshi. Tangu 2025 sheria ya huko inakataza bidhaa na huduma za ndani kuuzwa kwa fedha za kigeni, basi mwenye gesti akikutajia bei kwa dola, mwombe kwa upole akuambie kwa shilingi.

Laini ya simu ya huko husajiliwa kwa paspoti na alama za vidole. Isajili Tanga, katika duka la kampuni yenyewe, si kwa mtu wa mwavuli. Ukiwa nayo utaweza kulipia nauli na chumba kwa simu, na jambo hilo litakufaa tangu Tanga hadi Moshi.

Hatua ya 5: Gawa usiku, usigawe siku

Wengi huandika "Jumatatu Tanga, Jumanne Lushoto." Andika usiku. Anayelala usiku mmoja mahali hufika jioni na kuondoka alfajiri, na mji huo hakuuona. Wangu ni huu: Tanga 2, Lushoto 2, Dar 3, Dodoma 2, Kondoa 2, Babati 1, Moshi 2. Ni usiku 14, na siku ya 15 unalala kwako.

Dar nimeipa mitatu kwa sababu mmoja wake ni wa akiba. Basi likiharibika njiani, au ukipenda Lushoto ukabaki, utaukata pale na ratiba nyingine haitaguswa. Ratiba isiyo na usiku wa akiba huvunjika mara ya kwanza tairi linapopasuka.

Hatua ya 6: Kata tiketi chache tu

Kabla ya kuondoka Mombasa, hakikisha vitu vitatu: basi la kuvuka Lunga Lunga, treni ya Dar hadi Dodoma, na chumba cha usiku wa kwanza wa kila mji mkubwa. Mengine yote hukatwa siku moja kabla, stendi. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, huweka ukomo wa nauli za mabasi kwa kila njia. Itafute nauli ya njia yako na uiandike daftarini, kisha ukienda stendi hutahitaji kubishana na mpigadebe.

Chumba kitafute kwa simu, na upige mwenyewe. Ukianza vizuri mambo hujengeka:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Napiga kutoka Mombasa, naulizia chumba cha watu wawili, Alhamisi na Ijumaa."

"Mombasa! Haya karibuni. Mnakuja na basi gani?"

Swali la basi usilipite haraka. Mara nyingi mwenye gesti ndiye anayejua ni gari gani linalofika kabla ya giza na ni wapi ushukie, na hatakuambia kama umeanza na bei.

Jambo jingine la tiketi: ya treni huandikwa saa za namba 24, na karani wa basi hukutajia saa za Kiswahili. Rudia kwa sauti, "saa kumi na mbili asubuhi, alfajiri ya kesho?" mpaka aitikie.

Hatua ya 7: Njia yenyewe

*Mombasa hadi Tanga.* Mabasi ya Tanga na Dar hupatikana Mwembe Tayari. Uliza kama linavuka kwa feri ya Likoni au linapita Dongo Kundu, maana hilo linaweza kubadilisha saa ya kufika. Hadi mpakani ni kama kilomita 100, na kutoka Horohoro hadi Tanga ni 65 hivi. Wadigo wako pande zote mbili, kwa hiyo hutahisi umetoka nchi. Tanga ni mji wa kutembea kwa miguu au baiskeli. Mapango ya Amboni, ya mawe ya chokaa, yako kaskazini mwa mji upande wa barabara uliyokujia. Nenda na viatu vya kushika na uchukue mwongozaji wa pale pale.

*Tanga hadi Lushoto.* Panda gari la moja kwa moja, au la Mombo kisha ubadilishe. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona juu ya kona, na mtu mwenye kichefuchefu akae mbele na asile kitu kizito. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na baadhi ya majengo yao bado yapo. Nenda Irente kwa miguu asubuhi kabla ya jua kuwa kali, uione nyika ya Wamasai chini ya mwamba. Njiani watoto wa Kisambaa huuza peasi na plamu msimu wake ukifika.

*Lushoto hadi Dar.* Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, basi ondoka na gari la kwanza. Gari litasimama kwa chakula na kwa kuchimba dawa, yaani kujisaidia, nawe ushuke kila linaposimama. Mabasi mengi ya mikoani huishia stendi ya Magufuli, Mbezi, ambayo iko mbali na katikati ya mji, na foleni ya jioni ya Barabara ya Morogoro haina huruma. Lala upande wa Kariakoo au Kisutu, kwa sababu stesheni ya treni ya Dodoma iko upande huo wa mji. Kuhusu Dar yenyewe sisemi mengi, kila mtu wa Mombasa ana ndugu wa kumtembeza.

*Dar hadi Dodoma.* Usipande basi hapa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huo huo, na safari ambayo ilikula siku nzima sasa ni ya saa tatu na nusu hadi nne hivi. Tiketi ya treni ya kawaida ilianza kwa Sh 31,000 za huko. Jina la tiketi liwe lile lile la paspoti, na ufike mapema, maana kuna ukaguzi wa mizigo na lango hufungwa. Chagua treni ya mchana. Baada ya Pugu nchi inafunguka, kisha unaiona milima ya Uluguru juu ya Morogoro, halafu mahandaki ya Kilosa, na ukitoka upande wa pili ardhi imegeuka rangi na mibuyu imeanza.

Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa nguvu tangu 2016, na bado unauona mji ukijengwa mbele yako. Ni nchi ya Wagogo. Kula ugali wa uwele na mlenda, mboga yao ya kuteleza, nunua zabibu barabarani, na ukiwa Mwislamu sali Ijumaa katika Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010.

*Dodoma hadi Kondoa na Babati.* Hapa ndipo ninapokuomba usipunguze usiku hata mmoja, ingawa ndipo kila mtu hupapunguza. Zamani barabara hii ilikuwa ya vumbi na lori, na wasafiri waliikwepa kwa kuzunguka Singida. Leo ni lami tupu, kama kilomita 250 kutoka Dodoma hadi Babati.

Kwanza, michoro. Katika miamba ya Kondoa kuna mapango na vivuli vya mawe zaidi ya 150 vyenye picha za watu, twiga, tembo na maumbo yasiyojulikana, nyingine nyekundu, nyingine nyeupe. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ushukie Kolo, kijiji kilichoko kaskazini mwa Kondoa kwenye barabara kuu, uende ofisi ya michoro ulipe na upewe mwongozaji. Kuna kupanda mlima, basi maji yawe mengi na muondoke asubuhi. Baadhi ya sehemu hizo hadi leo ni mahali pa matambiko kwa wenyeji. Usiguse mwamba, usimwagie maji ili picha zionekane, na mwongozaji akisema hapa tusipige picha, weka simu mfukoni.

Pili, watu. Kati ya Kondoa, Babati na Ziwa Eyasi ndipo makundi manne makubwa ya lugha za Afrika yanapokutana. Warangi ni Wabantu kama sisi. Wairaqw na Wagorowa ni Wakushi, jamaa wa mbali wa Wasomali na Waborana. Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, ni Waniloti. Na Wasandawe, magharibi kidogo ya njia hii, pamoja na Wahadza wa Eyasi, lugha zao zina sauti za vidoko, zile za kugongesha ulimi. Wote hao wanakutana mnadani, yaani gulioni. Uliza mwenye gesti siku ya mnada wa karibu ni ipi, na upange Kondoa yako kuizunguka siku hiyo. Ukae kwa mama ntilie, unywe chai polepole, usikilize. Kiswahili chako cha Mvita kitawachekesha kidogo, na mazungumzo yatakuwa yameshaanza.

Babati kuna ziwa lenye viboko, na ukipenda wanyama, hifadhi ya Tarangire iko njiani kwenda Arusha. Kati ya Juni na Oktoba tembo hukusanyika mtoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko wageni wengine, basi paspoti iwe mkononi. Gharama kubwa ni gari. Tafuteni wa kuchangia watu wanne au watano tangu jioni ya kabla.

*Babati hadi Moshi.* Kilomita 250 hivi kupitia Arusha, ambayo wengine watataka kulala. Mimi naichagua Moshi, ni tulivu zaidi na bei zake ni nafuu. Kilimanjaro, mita 5,895, huonekana vizuri alfajiri na magharibi, na mchana hujifunika mawingu. Kunywa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Panda hadi Marangu kwa daladala uone mifereji ya Wachaga inavyogawa maji mashambani.

Hatua ya 8: Kutoka

Ondoka Moshi asubuhi, si baada ya chakula cha mchana. Kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Mombasa, na ukilikosa, panda daladala la Holili. Mpakani hapo ofisi za nchi mbili ziko pamoja, lakini hakikisha umegongwa mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia. Tumia shilingi zako za Tanzania zilizobaki au uzibadilishe hapo, maana Voi hazina kazi. Kutoka Taveta hadi Voi ni kama kilomita 110 za lami kupitia Mwatate, nzuri, ila tembo huvuka jioni na ndiyo sababu ya kuwahi. Voi matatu za Mombasa ni nyingi mchana kutwa. Kama unataka treni, kiti kutoka Voi kikate tangu ukiwa Moshi, kwa sababu wikendi hujaa kutoka Nairobi.